PAL, NTSC, na ile SECAM yetu iliyokufa

Mwenye kupiga video za ndoa hapa Bunia anafungua menyu ya kamera, inamuuliza: PAL ao NTSC? Anachagua moja, anaendelea. Jina la tatu, SECAM, haliko tena pale. Kumbe njo lilikuwa la inchi yetu.

Wamarekani walianza na NTSC mwaka 1953: picha karibu 30 kwa sekunde, sababu umeme wao ni wa hetsi 60. Ulaya umeme ni wa hetsi 50, picha ni 25. Mfaransa Henri de France alitengeneza SECAM, Mjerumani Walter Bruch wa Telefunken akatengeneza PAL. Zote mbili zilianza kurushwa 1967. Mistari ni 625 huku na huku, ila namna ya kubeba rangi ni tofauti.

Kenya na Uganda, zenye televisheni tangu 1962 na 1963, zilipofikia rangi zilichukua PAL. Sisi tulianza Kinshasa 1966, tena tukachukua SECAM. Musiseme ni mkoloni: Ubelgiji yenyewe ilitumia PAL! Ni Zaire ya Mobutu iliyosogelea Ufaransa katika miaka ya 1970, na mitambo ikafuata urafiki.

Sasa angalia Ituri. Bidhaa zetu nyingi zinapita Uganda, kwa Mahagi, Aru na Ziwa Albert. Televisheni ya PAL tupu ikikamata SECAM ya Kinshasa, inatoa picha nyeusi na nyeupe. Hata sauti inaweza kukosa: kati ya picha na sauti, Uganda iliacha megahetsi 5.5, sisi 6.5. Mutu angelaumu antena bure, wakati mpaka ulikuwa ndani ya sanduku.

Ubaya mwingine ulikuwa kwenye mikseri, ile mashini ya kuhama kutoka kamera moja kwenda nyingine. Kwa PAL, kamera zikiwa na sinkro moja (zote zinaanza mstari kwa wakati mumoja), unaweza kufifisha picha moja huku nyingine inaingia. Kwa SECAM rangi inasafiri kwa kubadilisha frekwensi, sawa redio ya FM. Ukichanganya stesheni mbili za FM haupati wimbo wa katikati, unapata fujo. Njo sababu studio nyingi za inchi za SECAM zilifanya kazi ya ndani kwa PAL, halafu zikageuza kuwa SECAM mwishoni kabisa, wakati wa kurusha.

Leo tuko kwenye dijitali. Mapatano ya Geneva ya 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulinda mawimbi ya zamani katika inchi nyingi, na PAL na SECAM zimebaki majina tu. Lakini hesabu ya 25 na 30 haikufa. Umeme wetu ni wa hetsi 50: ukipiga kwa 30 chini ya taa fulani, video inapepesa. Na ukiunga kamera ya 25 na ya 30 kwenye mikseri ndogo, moja itaruka-ruka ao mikseri itaikataa, na bibi harusi hatarudi kanisani mara ya pili.

Kijana anayekusanya makuta anunue kamera ya okazioni kutoka Marekani aulize kwanza: inaweza kuwekwa kwa 25? Swali hilo ni la bure. Kutoliuliza kunaweza kula faida ya ndoa nyingi.

Kitabu cha mashini kimeandikwa Kiingereza, mwalimu alifundisha kwa Kifaransa, mteja anaongea Kiswahili. Kati ya lugha hizo tatu, wanaofundishana kazi wanabaki na «bonyeza hapa» na «bonyeza pale». Siku menyu inabadilika, wamepotea. Nyinyi munaojua sinkro ni nini, muwaeleze wadogo zenu kwa Kiswahili, pamoja na sababu yake.