Wanawake wa nyuma ya kaunta: tamthilia ambayo Bukoba bado inaidai

Katika sehemu ya zamani ya mji wa Bukoba lipo jengo la enzi za Wajerumani linaloitwa Duka Kubwa. Lilikuwa duka la kwanza la bidhaa mchanganyiko katika mji huu, ambao Emin Pasha aliuanzisha kama kituo cha Wajerumani mwaka 1890. Wageni huonyeshwa kuta zake, wakapiga picha na kuendelea na safari. Sijawahi kusikia mtu akiuliza nani alisimama humo akipima kitambaa, nani alikuja kununua, na mwanamke alikuwa upande upi wa kaunta.

Swali hilo limeulizwa sana kwingineko, na televisheni imelijibu kwa tamthilia nyingi. Mwaka 2012 BBC ilianza kuonyesha The Paradise, kisa cha msichana Denise anayeajiriwa katika duka kubwa la nguo kaskazini mwa Uingereza, miaka ya 1870. Mwaka uliofuata ITV ilileta Mr Selfridge, kuhusu Mmarekani aliyefungua duka lake la London Machi 1909. Wahispania wakaja na Velvet mwaka 2014, Waitaliano na Il paradiso delle signore mwaka 2015, na mwaka 2024 Waaustralia wakaonyesha Ladies in Black, juu ya wauzaji wa kike wa Sydney waliovaa gauni jeusi kama sare ya kazi.

Mbili kati ya hizo, ile ya BBC na ile ya Italia, chanzo chake ni riwaya ya Mfaransa Émile Zola, Au Bonheur des Dames, iliyotoka mwaka 1883. Zola hakuiandika kwa kubuni tu. Aliingia katika maduka makubwa ya Paris na daftari mkononi, likiwamo Le Bon Marché, ambalo Aristide Boucicaut alianza kuliendesha mwaka 1852. Boucicaut aliweka utaratibu ambao wakati ule ulishangaza watu: bei imeandikwa kwenye bidhaa, hakuna kupatana, mteja anaingia na kuangalia bila kulazimika kununua, na asiporidhika anarudisha. Mkewe, Marguerite, alizaliwa katika umaskini na aliwahi kuwa dobi. Mumewe alipofariki mwaka 1877 alishika usukani, akawaingiza wafanyakazi katika umiliki wa hisa, na alipokufa mwaka 1887 aliwaachia sehemu ya mali yake. Maisha ya mama huyu pekee yanatosha msimu mzima wa televisheni.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watengenezaji wa tamthilia hizo. Denise wa Zola anafika Paris yatima, ana wadogo zake wawili wa kuwalea, viatu vyake vya bei rahisi havimkai, na miguu inamvimba kwa kusimama kutwa. Anaogopa kufukuzwa msimu wa biashara mbaya unapofika. Televisheni ilichukua hadithi hiyo, ikayapa gauni na mapenzi nafasi kubwa, ikaacha miguu iliyovimba. Watazamaji wakapewa penzi la bosi na mfanyakazi wake, na kazi yenyewe ikabaki kuwa pambo la nyuma.

Lakini historia ya kweli ina uhondo kuliko mapenzi hayo. Katika Uingereza ya karne ya 19, wauzaji wengi wa madukani walilala humohumo kwa mwajiri, katika mabweni yaliyobanana, wakila chakula chake na kukatwa mshahara kwa makosa madogo madogo. Kusimama kulikuwa sehemu ya ajira. Mwaka 1899 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwapatia viti wauzaji wa kike: kiti kimoja kwa kila wanawake watatu. Hebu fikiri, ilibidi Bunge zima likutane ili dada wa dukani apate mahali pa kukaa kwa zamu!

Miongoni mwa waliopigania haki hizo alikuwemo Margaret Bondfield, aliyeanza kuuza duka akiwa na miaka 14. Aliandika habari za wenzake kwa jina la kificho, Grace Dare, akaajiriwa duka moja baada ya jingine ili aone kwa macho yake wanavyoishi. Mwaka 1929 akawa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Uingereza. Alianzia kaunta.

Turudi Bukoba, katika nchi ya Wahaya. Katika kibanja, yaani shamba la migomba la Mhaya, mwanamke ndiye aliyelima, akapalilia, akapika ndizi na kutunza nyumba. Lakini kahawa ilikuwa ya mwanamume, na fedha ya kahawa ikawa yake. Mwanamke alikuwa na shamba lake la njugu mawe na mazao mengine ya msimu huko rweya, kwenye uwanda wa nyasi, alikuwa na mikeka aliyoisuka, na alichopata alikiuza gulioni. Maduka ya mjini yalishikwa zaidi na Wahindi na Waarabu, na kazi ilifanywa na watu wa familia pamoja na wasaidizi wa kiume. Mwanamke wa Kihaya alifika pale akiwa mteja, na mara nyingi fedha ya kununua nguo yake ilikuwa mfukoni mwa mume.

Wapo waliokataa hali hiyo. Enzi za ukoloni wanawake kadhaa kutoka huku walikwenda Kampala na Nairobi kutafuta maisha. Walisemwa vibaya na bado wanasemwa. Lakini baadhi yao walirudi na fedha zao wenyewe, wakajenga nyumba na kununua vibanja kwa majina yao, jambo ambalo mila ya urithi isingewapa. Historia yao inastahili kusimuliwa kwa heshima.

Kaunta yenyewe ilifunguka zaidi baada ya uhuru. Kufuatia Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara kubwa ya kuagiza na kusambaza bidhaa iliwekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa. Miaka ya mwanzo ya 1970 kazi hiyo ikagawanywa kwa makampuni ya biashara ya mikoa, yale ambayo kila mtu aliyaita RTC. Huku kwetu Kagera mkoa bado uliitwa Ziwa Magharibi. Mashirika ya umma na ushirika yaliajiri makarani na wauzaji, wakiwemo wasichana waliomaliza shule, na binti wa Kihaya akapata mshahara wa mwezi unaotoka mkononi mwa mtu ambaye si baba wala mume.

Halafu zikaja shida. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi kabla ya yale ya vijiji kuweza kujaza pengo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, na vita ikaacha nchi bila fedha za kigeni. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari, chumvi na kanga vilikuwa vitu vya kugawiwa. Watu waliamka alfajiri kupanga foleni, na jiwe au tofali liliweza kushika nafasi ya mtu. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi, na kila ghala likatiliwa shaka.

Sasa mweke muuzaji wa kike katikati ya hayo yote. Shehena imeshushwa kutoka melini, na mji mzima umeshajua. Ana karatasi inayosema nusu kilo ya sukari kwa kaya. Mbele yake amesimama mama mkwe wake, ambaye mila inamtaka amwinamie na kumpa anachotaka. Nyuma ya mama mkwe yuko mke wa bosi, nyuma yake mama mwenye mtoto mgonjwa, na mwisho wa foleni yupo mlanguzi anayeweza kulipa mara tatu na kupeleka mzigo hadi mpakani Mutukula. Akimpendelea mmoja, wengine wanashuhudia. Mzigo ukipungua kwenye hesabu, anakamatwa yeye. Sijui tamthilia ya Madrid au Milan iliyo na foleni yenye uzito wa namna hiyo.

Hadithi hiyo haikuigizwa kwa sababu moja kubwa: Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Kenya ilianza mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, Zanzibar mwaka 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Ilipofika, biashara ilikuwa imefunguliwa kwa miaka kumi, mitumba imejaa sokoni, na RTC zikipotea. Kizazi cha wanawake wa kaunta ya serikali kikapita bila kamera.

Leo hatuwezi kusema soko halipo. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na watu wakaipenda. Tangu hapo tumezoea kuwasikia Waturuki na Wachina wakizungumza Kiswahili sebuleni kwetu. Anayemlilia Doudou atamlilia pia binti wa RTC.

Na tamthilia hiyo ingewasaidia walioko kazini sasa. Maduka ya simu, ya dawa na ya nguo mjini Bukoba yamejaa mabinti wanaosimama tangu asubuhi hadi usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa moja, na likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wapo wengi wasio na mkataba wa maandishi na wasioijua sheria hiyo. Chama cha wafanyakazi cha TUICO kipo kwa ajili ya wafanyakazi wa biashara pia. Mabinti hawa waambiwe.

Waandishi wa tamthilia, msianze na gauni. Wanawake waliouza maduka ya RTC na ya ushirika sasa ni bibi zetu, na kila mwaka wanapungua. Mwenye mama, shangazi au bibi wa namna hiyo, awe Kahororo, Kamachumu au Muleba mjini, aketi naye na kumrekodi kwa simu. Amuulize mshahara wa kwanza ulikuwa kiasi gani, aliutumiaje, siku ya mgawo alisimama kwa saa ngapi, na kama alipewa kiti.