Utimizaji wa Oda kwa Huduma ya Wavuti

Utimizaji wa oda kwa huduma ya wavuti ni utaratibu wa kibiashara ambamo programu ya muuzaji huwasiliana moja kwa moja na kompyuta za ghala la kampuni nyingine, ikaagiza mzigo ufungwe na kupelekwa kwa mnunuzi bila mtu kupiga simu wala kujaza fomu. Bidhaa ni mali ya muuzaji lakini, oda ikiingia, hazipiti mikononi mwake. Anachokishika ni hesabu zake tu. Mfano unaofundisha zaidi ni Amazon Fulfillment Web Service, iliyofunguliwa Marekani mwezi Machi 2008, maana umbo lake bado linaonekana katika huduma nyingi za aina hii.

Kutanguliza taarifa za mzigo kabla ya mzigo wenyewe ni jambo la zamani. Berlin ilipozingirwa mwaka 1948 na 1949, chakula na makaa ya mawe yakawa yanaingia kwa ndege, mwanajeshi wa Marekani Edward Guilbert alishiriki kubuni orodha sanifu ya shehena iliyoweza kutumwa kwa teleksi, redio au simu. Katika miongo iliyofuata kampuni za usafirishaji zilikubaliana mpangilio wa hati za kielektroniki, na tarehe 26 Juni 1974 msimbo pau ulisomwa kwa mara ya kwanza kwenye kaunta ya duka mjini Troy, Ohio, juu ya pakiti ya chingamu. Hati hizo za kielektroniki zilipita kwenye mitandao ya kulipia, kwa hiyo wakubwa ndio waliozimudu. Huduma ya wavuti ilileta kazi ileile kwenye intaneti ya kawaida.

Amazon, iliyoanza kuuza vitabu mtandaoni mwaka 1995, ilifungua soko lake kwa wauzaji wengine Novemba 2000. Mwaka 2006 ilianza kukodisha vitu viwili visivyofanana: Machi, nafasi ya kuhifadhi data kwenye seva zake, Septemba, nafasi ya rafu ghalani, kwa jina la Fulfillment by Amazon. Huduma ya 2008 iliyakutanisha mawazo hayo mawili. Ghala likaanza kuamriwa na programu kama seva inavyoamriwa, tena hata kwa oda zilizotoka kwenye tovuti ya muuzaji mwenyewe.

Chukua mnunuzi aliyelipia birika mbili za kahawa na pakiti moja ya vichujio. Programu ya duka hutuma ombi lenye namba ya oda iliyotungwa na muuzaji, jina na anwani ya mpokeaji, msimbo na idadi ya kila bidhaa, kasi ya usafirishaji, na ujumbe mfupi wa kuchapishwa kwenye karatasi inayoingia ndani ya boksi. Kabla ya hapo inaweza kuuliza: mzigo huu utagharimu kiasi gani, na utafika lini? Namba ya oda ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mtandao ukikatika ombi likiwa limeondoka na jibu halijarudi, muuzaji hana hakika kama oda imepokewa. Akituma tena kwa namba mpya, mteja anaweza kuletewa mizigo miwili. Akirudia kwa namba ileile, ghala hutambua kuwa oda hiyo inayo tayari.

Ombi hubeba pia uamuzi wa mwenye duka. Birika zikiwepo na vichujio vikiwa vimekwisha, ifanyike nini? Amazon iliweka njia tatu. Katika ya kwanza, kitu kimoja kikikosekana kabla ya mzigo wowote kuondoka, oda nzima huvunjwa. Katika ya pili, vilivyopo hutumwa na oda hubaki wazi mpaka vilivyobaki vipatikane au muuzaji avifute. Katika ya tatu, vilivyopo hutumwa na visivyopo hufutwa. Muuzaji wa vipuri visivyofanya kazi kimoja bila kingine anahitaji ya kwanza. Wa vitabu anaweza kuishi vizuri na ya tatu. Zamani jambo hili liliamuliwa kwa kumpigia mteja simu, oda moja baada ya nyingine. Sasa linaamuliwa mapema kwa wateja wote, na ni kosa kumwachia fundi wa programu peke yake.

Kuingiza mzigo ghalani kuna taabu zaidi. Muuzaji hutaja anachotaka kupeleka, na mfumo humjibu ghala lipi lipokee nini. Shehena moja inaweza kugawanywa kwa maghala yaliyo mbalimbali ili bidhaa ziwe karibu na wanunuzi. Kila boksi hubandikwa lebo, na shehena hupita hatua za kuandaliwa, kusafirishwa, kupokewa na kufungwa. Ugomvi mwingi huzaliwa kwenye kupokewa: muuzaji anasema alipeleka 100, ghala limehesabu 97.

Ndani ya maghala hayo bidhaa hazipangwi kwa aina. Mfanyakazi huweka kitu kwenye nafasi yoyote iliyo wazi, akasoma kwa skana msimbo wa kitu na msimbo wa nafasi. Kamba za viatu zinaweza kulala kando ya kamusi. Mpangilio huo hujaza rafu vizuri na hupunguza hatari ya kuchomoa kitu kinachofanana na kinachotakiwa. Lakini kompyuta ndiyo pekee inayojua kitu kilipo. Skana ikirukwa mara moja, kitu kimepotea ilhali kipo. Ugumu wa mfumo mzima umo hapa, katika kuhakikisha hesabu ya kompyuta inalingana na ya rafu. Kutuma ombi ni kazi nyepesi ukilinganisha.

Kwa sababu hiyo huduma hutofautisha bidhaa zilizo tayari kutumwa, zilizo njiani kuja ghalani, na zilizokwisha kutengwa kwa oda. Muuzaji anayeonyesha jumla yake yote tovutini atauza asichoweza kutuma. Mwenye maduka matatu ya mtandaoni lazima yote yasome hesabu moja, na haraka, maana dakika chache zinatosha kipande cha mwisho kuuzwa mara mbili. Na kwa kuwa ghala huweka kikomo cha maombi, programu nzuri huuliza tu kilichobadilika tangu mara ya mwisho.

Mwaka 2012 Amazon ilinunua Kiva Systems kwa dola milioni 775, na roboti zake zikaanza kubeba rafu hadi alipo mfanyakazi. Hata hivyo mikono ya watu ilibaki kazini, na skana inayorekodi bidhaa hurekodi pia kasi ya aliyeishika. Machi 2022 wafanyakazi wa ghala la Amazon la Staten Island, New York, walipiga kura ya kuunda chama chao. Muuzaji hupata habari zote za mzigo wake kwenye skrini. Za waliouchomoa na kuufunga hazimfikii, na hilo ni pengo la kweli.

Mfumo huu pia hutegemea anwani inayosomeka. Jumia, soko la mtandaoni lililoanza Nigeria mwaka 2012, nalo huwawekea wauzaji bidhaa ghalani mwake, lakini nchini Kenya wateja wengi huelekezwa kwenye vituo vya kuchukulia mizigo, kwa kuwa nyumba nyingi hutambulika kwa alama za jirani na namba ya simu ya mwenyeji. Tanzania iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi mwaka 2022, kazi ambayo wasafirishaji wana haki ya kuifurahia.

Huduma ya 2008 haipo tena. Kazi zake zilihamia Amazon Marketplace Web Service, nayo ikafungwa mwaka 2024 baada ya huduma mpya iitwayo Selling Partner API kuchukua nafasi yake. Shopify, kampuni ya programu za maduka ya mtandaoni, ilitangaza mtandao wake wa maghala mwaka 2019 na kuuhamishia kwa kampuni ya usafirishaji ya Flexport mwaka 2023. Katika mabadiliko ya namna hii muuzaji hurekebisha programu yake kwa ratiba ya mwenye ghala. Wajenzi wazoefu hutenga sehemu ya programu inayozungumza na ghala mbali na ile inayopokea oda, ili siku ya kuhama ibadilishwe hiyo moja tu.