Kirungu cha Jiko la Gesi

Kirungu cha jiko ni kile kishikio cha mviringo, cha plastiki ngumu au cha chuma, kilichopachikwa mbele ya kuka, yaani jiko la gesi lenyewe, ambacho mpishi hukibonyeza na kukizungusha ili kuwasha, kukuza, kupunguza au kuzima moto wa kichomeo au wa oveni, chombo ambacho wazee wa pwani wangekiita tanuri. Wengi hukiita swichi, wala si vibaya, ila jina hilo huwapotosha watu wakadhani kwamba kirungu ndicho kizuiacho gesi, ilhali chenyewe hakizuii kitu: kazi hiyo ni ya vali ya shaba iliyojificha nyuma yake, nacho hukishika tu kijiti cha vali hiyo, ambacho upande wake mmoja ni bapa ili kisizunguke ovyo ndani ya tundu.

Makala haya yanatazama hasa hali ya Kithyoko, mji mdogo wa soko katika Masinga, Kaunti ya Machakos, ulio kando ya barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa kwa njia ya Matuu na Mwingi. Huko moto hutawaliwa kwa namna tatu ambazo huweza kukutwa hata leo katika ua mmoja: mafiga, ambapo mpishi huvuta ukuni nyuma au kuusukuma mbele, jiko la makaa, hususan lile la bati na udongo lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, ambalo kilango chake cha chini ndicho kirungu chake, na gesi ya mtungi. Aliyelelewa na namna mbili za kwanza haoni ajabu kukitendea kirungu kama alivyokitendea kilango cha bati, yaani kukisugua kwa majivu na kukimwagia maji, na kwa sababu hiyo twathubutu kusema kwamba virungu vinavyokufa kwa usafi ni vingi kuliko vinavyokufa kwa upishi.

Chanzo cha maradhi, hata hivyo, ni povu. Muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, huchemka pamoja na maharagwe kwa muda mrefu, na mfuniko ukikazwa sana sufuria hufurika, maji mazito ya wanga yakateremka ubavuni mwake, yakatambaa juu ya bamba la kuka hadi ukingoni, kisha yakajipenyeza nyuma ya kirungu katika lile tundu litokezapo kijiti. Wanga huo ukikauka huwa gundi, ile ile gundi ya unga ambayo watoto wa shule hubandikia karatasi. Kesho yake asubuhi mpishi hubonyeza kirungu apate chai, nacho hubonyea lakini hakirudi. Na ikiwa kuka ni ya kujiwasha yenyewe, cheche huendelea kulia ta-ta-ta hata moto ukiwa umekwisha kuwaka, mpaka mtu achomoe waya ukutani. Vumbi la kiangazi, kati ya Juni na mvua za Oktoba au Novemba, huchanganyika na mvuke wa mafuta ya kukaangia likafanya tope la namna yake, lakini hilo ni dogo mbele ya povu.

Matibabu yake ni mepesi kwa mwenye subira. Kwanza hufungwa gesi mtungini na kuka huachwa ipoe. Kisha kirungu huvutwa kwa kunyooka, bila kupindwa, na kikikataa hupitishwa kitambaa chembamba nyuma yake na kuvutwa kwa ncha mbili pamoja, kwa maana kisu kikitumiwa kuking'oa huvunja kirungu au huchubua bamba. Huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mswaki mkuukuu ukipita ndani ya tundu, wala hakilowekwi usiku kucha, wala hakiguswi kwa waya wa kusugulia sufuria, kwani alama na namba zake aghalabu ni wino mtupu. Bamba nalo hupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa, halimwagiwi maji. Kirungu hurudishwa kikiwa kikavu kabisa, baada ya kutazama kama kile kibati cha springi kilicho ndani yake hakikubaki kwenye kijiti au kudondokea sinki.

Kirungu kikiwa kigumu ilhali nyuma yake ni safi, lawama si yake. Ndani ya vali mna kizibo cha shaba chenye umbo la pia, kilichokaa kwa kubana mno hata gesi haizuiwi ila na usawa wa nyuso mbili hizo na utando mwembamba wa grisi ya kustahimili joto. Grisi hiyo ikikauka kwa miaka, kizibo hukwaruza. Kutia mafuta ya kupikia ni kuongeza maradhi, kwa kuwa yakipata joto huganda kama ulimbo. Kutia grisi mpya ni kazi ya fundi, naye akiisha na apake povu la sabuni kwenye maungio, tena mwenye nyumba asimame atazame, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hulala sakafuni.

Kirungu cha oveni ni cha daraja jingine, kwa kuwa kinachokiamuru ni kiasi cha joto, si ukubwa wa moto. Mwaka 1923 ilitolewa Uingereza thamostati iitwayo Regulo kwa majiko ya New World: mwanzi wa shaba uliomo ndani ya oveni, na ndani ya mwanzi huo ufito wa Invar, ile aloi ya chuma na nikeli ya Charles Édouard Guillaume, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1920. Shaba hurefuka kwa joto, Invar hairefuki ila kidogo mno, na tofauti hiyo ndiyo iibanayo njia ya gesi pole pole. Namba zake zingali katika vitabu vya mapishi vya Kiingereza, 4 ikiwa karibu nyuzi 180 za Selsiasi. Kirungu cha namna hii kikilegea na kuteleza kijitini, japo kwa upana wa ukucha, namba husema uongo, mkate ukaungua, mwokaji akailaumu hamira.

Kirungu kikipasuka kabisa, desturi ya mikahawa mingi ya kando ya barabara ni kuzungusha kijiti kwa koleo, nalo koleo hukaa juu ya kuka daima kama kikopo cha chumvi. Meno yake huukwangua ule upande bapa, na baada ya miezi michache hata kirungu kipya hakishiki. Aendaye kununua kingine, iwe Matuu au Thika, asiende na jina la kuka peke yake, bali achukue cha zamani, ijapokuwa ni vipande, kwa maana vijiti vingi vina unene wa milimita 6 au 8, na upande bapa huweza kutazama juu, chini au kando moto ukiwa umezimwa, jambo ambalo mwenye duka hawezi kulijua kwa kukisia.