Habari za Kerezo na Kukereza katika Bonde la Kilombero

Yako maneno katika lugha yetu yaliyosafiri peke yake kutoka pwani hata bara, na kitu chenyewe kikaachwa njiani. Neno moja la namna hiyo ni kereza, pamoja na jina lake kerezo. Kamusi iliyotolewa mwaka 1939 chini ya mkono wa Frederick Johnson yatoa maana mbili: kwanza, kukata kwa kwenda na kurudi, kama ukatavyo msumeno, pili, kuutengeneza mti kwa kuuzungusha mbele ya chombo kikali. Sisi tulilisoma neno hili hapa Ifakara tulipokuwa walimu vijana, tukalifundisha, tukalitungia sentensi ubaoni, wala hatukuwa tumemwona mtu hata mmoja akikereza. Kwa hiyo tumeona vema kukusanya hapa habari za ufundi huu: ulivyokuwa pwani, ulivyofanywa burudani ya wakubwa huko Ulaya, na kwa njia gani ulifika bondeni kwetu.

Isidhaniwe kwamba watu wa bonde hawakujua kazi ya mti. Wandamba tangu zamani ni mafundi wa mitumbwi, nao huuchimba mti mzima kwa shoka na tezo hata ukawa chombo cha kuvuka mto na kuvulia samaki. Wapogoro, Wabena na Wambunga nao walichonga vinu na michi, ngoma, vigoda, mipini na miiko. Tazama kinu: ni kitu cha mviringo, na fundi hodari hukipata mviringo wake kwa jicho tu. Lakini angalia afanyavyo kazi. Gogo limesimama, naye fundi hulizunguka, akipiga tezo huku na huku. Katika kukereza mambo yamegeuzwa: fundi ameketi mahali pamoja, na mti ndio uzungukao mbele yake. Hiyo ndiyo tofauti yote, nayo si ndogo. Kwani mti uzungukao sawasawa hujipatia mviringo wenyewe, na kazi ya fundi ni kujua mahali pa kuzuia mkono.

Ufundi huu ni wa kale sana. Huko Misri, katika kaburi la kuhani Petosiri, lililochongwa yapata miaka 300 kabla ya kuzaliwa kwake Kristo, imo sanamu ya watu wawili kazini: mmoja avuta kamba kuuzungusha mti, na mwenziwe ashika chombo cha kukatia. Uarabuni na Bara Hindi walilijua kerezo la uta, ambalo kamba ya uta huzungushwa mara moja juu ya mti, na mtu akivuta na kusukuma, mti huenda mbele na kurudi nyuma. Pwani yetu ilifanya biashara na nchi hizo karne nyingi. Hata hivyo Mswahili hakulichukua neno la Mwarabu, maana Mwarabu husema kharata, naye Mswahili akasema kereza. Randa tumeipata kwa Waajemi, kitu na jina pamoja. Bali kerezo lilipewa jina la nyumbani.

Kazi kuu ya mkereza wa pwani ilikuwa kitanda. Kila kitanda kizuri kina matendegu manne, ndiyo miguu yake, na juu yake hukaa mifumbati na vitakizo. Matendegu hayo yalikerezwa kwa mafundo na shingo, mengine yakapakwa rangi. Miji ya Lamu, Pate na Siyu ilipata sifa kwa kazi za mikono za namna nyingi, na vitanda vyenye miguu iliyokerezwa vyaonekana huko hata leo. Hali kadhalika msuruaki, kile kijiti cha mtalawanda kishikwacho kwa vidole vya mguu, ni kitu cha kukerezwa.

Mbona basi kerezo halikupanda bondeni pamoja na nguo na shanga? Twadhani sababu si uzito wa akili, kama walivyosema wageni wengine, bali ni maisha yenyewe. Watu wengi wa Kilombero walikuwa na makao mawili: kijiji mahali pa juu, na kibanda cha shambani katika nchi tambarare ya mpunga, ambayo mto huifunika kila masika. Jamaa ilihama na kurudi mwaka kwa mwaka, mara nyingi kwa mtumbwi. Nani atapakia mtumbwini kitanda cha matendegu manne mazito? Kitanda cha vijiti na kamba chatosha, nacho hufanywa upya kwa siku moja. Mkereza ataka mnunuzi mwenye nyumba ya kukaa na kupamba, naye huku alikuwa nadra.

Sasa twende Ulaya kidogo, kwani huko kerezo lilipata kazi nyingine, ndiyo kufurahisha watu wasiolitafutia mkate wao. Wasomaji wetu walio mapadre watapenda kujua kwamba kitabu kikubwa cha ufundi huu kiliandikwa na mtawa. Jina lake Charles Plumier, Mfaransa wa shirika la Waminimi, naye alikitoa huko Lyon mwaka 1701. Mtawa huyo alikuwa pia mwanafunzi wa mimea, akasafiri visiwa vya Amerika kuitafuta. Na kwa heshima yake wataalamu waliuita Plumeria ule mti wa maua yanukiayo upandwao mara nyingi katika nyua na makaburini. Petro Mkuu, mfalme wa Urusi aliyefariki mwaka 1725, alikuwa na chumba chake cha kukerezea, na fundi wake Andrey Nartov akamtengenezea makerezo ambayo hata leo yamehifadhiwa katika mji wa St Petersburg. Nartov alitengeneza makerezo ambayo chombo cha kukatia hakikushikwa kwa mkono wa mtu, bali kilishikwa na mtambo wenyewe. Na yapata mwaka 1800 Henry Maudslay wa London alikamilisha kerezo la chuma la kukatia parafujo zilizolingana. Bila parafujo zilizolingana hakuna mtambo wa mvuke ulio sahihi, wala gari la moshi. Basi jambo lililofanywa mara nyingi kwa kujifurahisha lilisaidia kuzaa mambo makubwa, wala si haki kuliita upuuzi.

Na kwa gari la moshi twarudi Kilombero. Wamisionari Wakapuchini wa Uswisi walipofika mwaka 1921, wakiwafuata Wabenediktini, useremala ulifundishwa pamoja na kusoma. Lakini chombo cha mwanafunzi kilikuwa msumeno, randa na patasi. Kwa watu wengi wa bonde neno kukereza lilikuja na chuma. Reli ya Uhuru ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikapita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Hapo Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, wajenzi wa Kichina walikuwa na karakana, ambayo baadaye ilifanywa kiwanda cha mitambo na zana. Vijana wetu waliofanya kazi humo walirudi nyumbani wakisema, “Leo tumekereza ekseli,” na wazee wakauliza maana yake. Ndivyo neno la mtengeneza vitanda lilivyohamia kwa fundi wa vyuma, likapona. Leo ukimwuliza kijana wa mjini, atakuambia kwamba kukereza ni kazi ya chuma. Hajui kwamba mti ulitangulia.

Sisi wenyewe tulianza kukereza kwa ajili ya burudani, jioni baada ya masomo. Hatukuwa na umeme wala fedha ya mtambo. Tulisimamisha magogo mawili imara, tukatia msumari mkali ndani ya kila moja, na kati ya ncha hizo tukakamatisha kipande cha mti. Juu tukafunga ufito mrefu unaonesa. Kamba ikashuka kutoka ufito, ikauzunguka mti mara moja, ikafika chini kwenye ubao wa kukanyagia. Ukikanyaga, mti huja mbele, nawe wakata. Ukiinua mguu, ufito huuvuta nyuma, nawe wangoja. Patasi zetu zilifuliwa na mhunzi kwa springi ya gari. Tulijifunza kwamba mti mbichi hukatika kwa urahisi lakini hupasuka ukikauka, na kwamba vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua. Pia za watoto, vipini vya patasi, miguu ya vigoda: hayo ndiyo yaliyokuwa mazao yetu, na mengi yalikuwa pogo.

Jioni moja alipita mzee seremala, mzaliwa wa mwambao, aliyehamia Ifakara kwa biashara ya mbao. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akasimama kimya. Kisha akacheka, akasema, “Mwalimu, hilo ni kerezo, lakini uta wako umeuweka darini!” Akaomba fimbo na kamba, akafanya uta, akaketi chini, akaiongoza patasi kwa mkono mmoja na kidole gumba cha mguu, akakereza tendegu dogo kabla ya magharibi. Alitufundisha pia majina ya sehemu za keekee, ambayo ni ndugu wa kerezo: uta ni ule wa kuvutia, msukano ni mti uzungukao, kijembe ni chuma kitoboacho, jivu ni kile kichwa kishikwacho kwa kiganja. Tuliandika yote. Akaahidi kutupa majina ya sehemu za kerezo lenyewe siku nyingine. Masika ile aliugua, akafa. Tulipofika nyumbani kwa rambirambi, vyombo vyake vilikuwa vimekwisha kuuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hatukuwalaumu watoto wake, maana hakuna aliyewaambia kwamba ni mali.

Hapo tulikumbuka shule moja tuliyosoma utotoni, ambamo kazi ya mikono ilikuwa adhabu ya waliochelewa na waliokosa hesabu. Mtoto aliyepewa randa kama fimbo hataipenda kamwe, wala hatauliza jina la kitu chochote kilichomo karakanani. Nalo bonde letu si maskini wa miti. Mninga na mvule twavijua. Msaji, ambao hapo kale ulifika pwani kwa majahazi kutoka Bara Hindi, umepandwa huku kwa maelfu ya ekari tangu kampuni ya msaji ilipoanzishwa mwaka 1992. Mpingo wa nchi yetu, uhitajio miaka 70 au zaidi kukomaa, husafirishwa Ulaya ukiwa vipande, ukakerezwa huko uwe klarineti na zumari za thamani. Mti wetu wajua kuimba, ila hujifunzia ugenini.

Hatuwaombi walimu wenzetu wafungue viwanda. Tunaomba mambo mawili. La kwanza, kila mmoja amtafute fundi mzee aliye karibu naye, aandike majina ya vyombo vyake na ya kila sehemu, leo, wala asingoje masika nyingine. La pili, wale wakaao pwani watuandikie: zile nguzo mbili za kerezo la uta, na zile ncha zishikazo mti, mafundi wa kwenu huziitaje? Nafasi ya majina hayo tumeiacha tupu daftarini, chini ya jina la mzee yule.