Mbwa-Mwitu wa Yellowstone na Hasara ya Mfugaji

Wasikilizaji wetu, mbwa-mwitu tunaowasoma katika Injili si wale wenye mabaka wa mbuga zetu. Hao ni wanyama wengine, nasi leo twataka kuwaeleza habari zao.

Huko Marekani watu wa serikali waliwaua kwa bunduki, mitego na sumu. Wa mwisho wa hifadhi ya Yellowstone waliuawa mwaka 1926. Ndipo ayala walipozidi, wakatafuna miche kandokando ya mito. Sheria ya mwaka 1973 ikawalinda wanyama waliokaribia kwisha, na katika miaka ya 1995 na 1996 mbwa-mwitu 31 wakaletwa kutoka Kanada, wakazaana.

Walakini wafugaji wakauliza: Ndama wetu wakiliwa, hasara ni ya nani? Tangu mwaka 1987 hata 2010, chama cha Defenders of Wildlife, kilichotaka mbwa-mwitu warudi, kililipa fidia kwa fedha yake, zaidi ya dola milioni 1. Baadaye majimbo kama Montana yakaishika kazi hiyo.

Shida ilikuwa ushahidi. Sharti mkaguzi auone mzoga na alama za meno. Na milimani ndama wengi hupotea, usionekane hata mfupa. Basi mwenye haki aweza kurudi mikono mitupu.

Wazee husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Apendaye mnyama wa mwitu aishi, na auinue mzigo huo yeye mwenyewe, apate kuujua uzito wake.