Faraja

Kindu, kando ya mto Lualaba, mama aliyeachiwa watoto peke yake na deni la minervali, yaani ada ya shule, huombewa faraja kanisani. Neno hilo ni la Kiarabu, na asili yake ni kufunguka kwa kilichobana: dhiki inapopata mlango wa kutokea.

Kiswahili kilienea Maniema, jimbo la Kindu huko Kongo, karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara Waislamu wa Nyangwe na Kasongo, ngome ya Tippu Tip, mmoja wao. Wakristo wakalipokea neno bila kinyongo, na walifanya vizuri. Katika Biblia ya Kiswahili, Paulo analirudia mwanzoni mwa Waraka wa Pili kwa Wakorintho.

Basi unayemwombea jirani faraja, muulize pia anadaiwa faranga ngapi.