Msamiati wa Kiingereza cha kitaaluma: Kukariri kamusi hakutoshi

MWANAFUNZI wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukuta, afikapo kidato cha kwanza, vitabu vya baiolojia, jiografia na historia vimeandikwa kwa Kiingereza. Wengi humudu salamu na mazungumzo ya kawaida, lakini hukwama kwenye maneno yasiyosikika mtaani.

Chanzo cha ugumu huo kimo katika historia ya lugha yenyewe. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilipokea maneno mengi ya Kifaransa, na baadaye wasomi wakachota katika Kilatini na Kiyunani. Ndiyo maana "ask" ni neno la nyumbani, "question" lilitoka Kifaransa na "interrogate" likatoka Kilatini. Vitabu vya darasani hupendelea maneno ya aina hizo mbili za mwisho.

Mwaka 2000, Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria, mjini Wellington, New Zealand, alichapisha orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, akiyaacha nje yale 2,000 ya kawaida kabisa. Maneno hayo, kama "concept" na "significant", huchukua takriban asilimia 10 ya matini za kitaaluma. Kwa anayejiandaa kuingia chuo kikuu, orodha hiyo ina faida kubwa kuliko kamusi iliyokaririwa kuanzia herufi ya kwanza.

Familia ya maneno si jambo geni kwa Mswahili. Ajuaye "pika" hashindwi kutambua mpishi, mapishi na upishi. Vivyo hivyo ajuaye "analyse" ayatafute "analysis" na "analytical" siku hiyo hiyo.

Lililo gumu zaidi ni kujua neno lipi huandamana na lipi. Mgeni hawezi kubahatisha kuwa Waswahili hupiga simu, hupiga pasi na hupiga picha. Kiingereza nacho kina desturi zake: uamuzi husemwa kwa "make", utafiti kwa "do" au "conduct". Kwa sababu hiyo, neno jipya liandikwe daftarini pamoja na sentensi lilimokutwa, si peke yake na tafsiri yake.

Kusahau nako kuna dawa. Sebastian Leitner, katika kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka 1972, alieleza matumizi ya kadi na visanduku: neno lililokumbukwa husogezwa kisanduku cha mbele na kurudiwa baada ya muda mrefu zaidi, lililosahauliwa hurudishwa cha kwanza.

Hata hivyo, kadi haziwezi kuchukua nafasi ya kusoma. Paul Nation, wa chuo hicho hicho cha Wellington, alikadiria mwaka 2006 kuwa msomaji huhitaji familia 8,000 hadi 9,000 ili asome riwaya na magazeti bila msaada. Kiwango hicho humwachia neno geni moja hivi katika kila maneno 50. Kitabu chenye maneno mageni mengi kupita hapo humlazimu kufungua kamusi kila mstari, na kwa kawaida hakimalizi.